Gurudumu la Mkia

Wasomaji wenye umri wa kuzikumbuka Dakota za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, watakumbuka jinsi abiria alivyopanda mlima ndani ya ndege ili akifikie kiti cha mbele. Pua ilitazama mbinguni, na mkia ulikaa chini juu ya gurudumu dogo. Ndege nyingi za porini zilijengwa hivyo. Hata ile yenye milia ya punda milia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958, ilikuwa ya aina hiyo. Kwa umbo hilo pangaboi hukaa juu, mbali na mawe, wala hakuna mguu wa mbele wa kuvunjikia shimoni. Lakini faida hiyo ina gharama yake, nayo hulipwa wakati wa kutua.

Mimi niliiona ikilipwa Kibondo, kiangazi kimoja cha miaka ya 1970. Wifi yangu alikuwa na uchungu tangu juzi yake, mtoto amekaa vibaya tumboni, na ndege ilikuwa imeitwa kwa redio. Vijana waliwafukuza mbuzi kiwanjani. Ndege ilishuka vizuri kabisa, magurudumu yakagusa, vumbi likatimka, nasi tukapiga vigelegele. Ilikwisha kupunguza mwendo, hata mwenye baiskeli angeweza kuifuata, ndipo pua ilipoanza kuelekea kushoto. Rubani hakuwahi. Ndege ilizunguka kama pia, ncha ya bawa la kulia ikakwaruza ardhi, mguu wa upande huo ukakunjika, ikasimama inatazama ilikotoka.

Hakuna aliyeumia. Lakini ndege haikuweza kuruka tena, na mgonjwa alikuwa palepale juu ya machela.

Tulimpeleka Kasulu kwa Landrova usiku ule, na rubani tukawa naye. Hakusema neno hadi alfajiri, tulipompita mtu akiteremka kilima na baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi.

"Dada, mtazame yule," akasema. "Mzigo uko nyuma. Akienda sawa, humfuata. Akipinda kidogo, wataka kumpita."

Ndivyo ilivyo. Katika ndege ya namna hiyo uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa. Pua ikipinda, uzito hung'ang'ania njia yake ya kwanza, huusukuma mkia pembeni, na kupinda kudogo huzaa kupinda kukubwa. Ndege yenye gurudumu chini ya pua, kama Cessna 172 iliyotoka mwaka 1956, ni kinyume chake: uzito uko mbele ya magurudumu makubwa, nayo hujinyoosha yenyewe. Upepo wa ubavuni nao huupiga mkia, pua ikageukia unakotoka upepo. Usukani wa mkiani hutegemea hewa inayoupitia. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyodhoofika, na hapo ndipo sisi watazamaji hudhani kazi imekwisha. Tena nyanda zile ziko zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari. Jua likiwaka hewa huwa nyepesi, na ndege hugusa ardhi kwa mbio kuliko pwani.

Kinga yake ni miguu ya rubani. Hukanyaga kidogo kidogo, kushoto na kulia, akisahihisha kosa kabla halijakua, mpaka ndege isimame kabisa. Upepo mmoja wa ghafla watosha kumpita, na sikuona haki kwa waliomcheka pale kiwanjani.

Tulifika kumekucha. Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa, wa kike, mzima. Wifi yangu alilazwa wiki nyingi akapona, ila hakuzaa tena.

Ndege ilibaki Kibondo ikisubiri mguu mpya. Watoto waliizunguka kila jioni baada ya shule, wakiligusa gurudumu la mkia, ambalo halikuwa na hata mkwaruzo.