Uchungu Uliogeuka Wimbo

Wako watu wanaofikiri kwamba wimbo mzuri huzaliwa siku ya furaha tu, kama vile siku ya arusi au ya mavuno. Kweli, nyimbo za namna hiyo ni nyingi. Lakini mara nyingi wimbo unaokaa siku nyingi moyoni ni ule uliotoka katika machozi. Mama zetu wanaoimba matangani wanajua jambo hili. Leo napenda kuwaeleza kisa kimoja cha Marekani ambacho nimekifikiri sana.

Katika mji wa Anaheim, jimbo la California, vijana waliunda orkesta ya muziki wa roki mwaka 1986, wakaiita No Doubt. Eric Stefani alikuwa mmoja wa walioianzisha, na dada yake Gwen alikuwa mwimbaji. Mwaka 1987 akaingia Tony Kanal, mpiga gita la besi. Gwen na Tony wakapendana. Mapenzi hayo yalidumu miaka 7 hivi, ndipo Tony akayavunja.

Hapa ndipo penye shida. Mtu akiachwa, kwa kawaida hupita njia nyingine asikutane na aliyemwacha. Gwen hakuweza. Aliyemwacha alikuwa mwenzake wa kazi. Kila mazoezi alisimama hatua chache karibu naye, gita mkononi. Kutoka ni kutupa kazi ya ujana wake wote. Kubaki ni kuonana na kidonda kila siku. Alibaki, na Tony naye alibaki.

Basi, kulikuwa na wimbo mmoja uitwao Don't Speak, maana yake Usiseme, walioutunga Gwen na Eric. Mwanzoni ulikuwa wimbo wa mapenzi tu. Baada ya kuachana kule, maneno yakabadilishwa, ukawa wimbo wa kuagana: mtu anaona mwisho unakuja, anamwomba mwenzake anyamaze, maana yote ameyajua tayari. Sauti inaanza polepole, halafu inapanda kwa nguvu. Orkesta hii ilizoea muziki wa mbio na wa kuruka. Safari hii ilikubali kwenda taratibu.

Albamu yenye wimbo huo, Tragic Kingdom, ilitoka mwezi wa Oktoba 1995. Wimbo wenyewe ukaenea miaka ya 1996 na 1997. Huko Marekani ulishika nafasi ya kwanza kati ya nyimbo zinazopigwa redioni kwa majuma 16. Uingereza ulikuwa wa kwanza majuma 3, mwaka 1997.

Sasa fikirini. Watu walipiga makofi, kumbe jukwaani walisimama wawili waliojua habari yenyewe. Siri ya mtungi muulize kata. Gwen aliimba uchungu wake, na Tony alipiga besi ya wimbo ule ule, usiku baada ya usiku, katika safari iliyopita miaka miwili. Wengi wanamhurumia mwimbaji. Mimi namfikiri mpiga besi pia. Kusikia mbele ya umati uchungu ulioutia wewe, nawe usiharibu hata sauti moja ya wimbo: hiyo nayo ni heshima.

Kwa nini wimbo huu ulipendwa hivyo? Naona sababu tatu. Kwanza, hauna matusi. Pili, ulifanyiwa kazi. Uchungu peke yake ni kilio, haujawa wimbo mpaka upangwe na kurekebishwa. Tatu, haukutaja jina la mtu, basi kila aliyeachwa anaweza kutia habari yake ndani.

Kijana mmoja wa kwaya alikuja kuniuliza: «Mwalimu, mchumba wangu amevunja uchumba, naye anaimba mstari wa pili. Niache kwaya?» Sikumjibu upesi. Nilimweleza kisa hiki. Kisha nikamwambia: «Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kupumzika majuma machache, hakuna aibu. Lakini usitoke kwa hasira, wala usieneze maneno ya kumwaibisha binti wa watu. Sauti yako ni yako. Usimpe mtu mwingine uwezo wa kuizima.» Alinyamaza. Juma lililofuata alikuja mazoezini, akasimama nyuma kabisa, akaimba kidogo. Mimi sikumdai zaidi.

Mwezi wa Aprili 2024, karibu miaka 30 baada ya albamu ile, No Doubt walipiga tena muziki pamoja katika tamasha la Coachella, huko California. Gwen na Tony walikuwa jukwaani wote wawili. Kila mmoja alikuwa amekwisha kujenga maisha yake kwingine, lakini kazi yao haikufa. Basi, ninyi vijana mlioachwa, msione haya kwa machozi yenu. Angalieni tu mnayamwaga wapi: yakimwagwa juu ya mtu, yanachoma; yakitiwa katika kazi, huenda yakamfariji hata mtu msiyemjua.