Tulikwenda Gerezani Kutafuta Ubongo wa Gari

Jina la Gerezani huwashtua wageni wa Dar es Salaam, lakini wengi wanaokwenda huko hawana kesi wala hukumu. Wanafuata vyuma. Gerezani ni jirani wa Kariakoo, ile sehemu iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Gerezani ilipata kituo chake kikubwa, kwa hiyo mama anayetoka Kimara hufika bila kuuliza njia. Akitembea kidogo tu atasikia nyundo, atanusa oili na moshi wa kuchomelea, na ataona injini zimepangwa chini kama mafungu ya nyanya sokoni.

Mwezi huu, akina mama wenzetu, tunawatembeza huko. Tulikwenda watu watatu wa kikundi chetu cha kanisani, tukiwa na gari dogo aina ya Toyota la mwenzetu mmoja. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule alfajiri, na ndilo linalosambaza mayai anayouza. Lilikuwa limeanza kuzima ghafla barabarani. Gereji ya kwanza, mbali na hapo, ilibadilisha plagi, halafu koili, kisha ikamwambia, "Mama, kontroli boksi imekufa. Lete hela tukanunue nyingine." Kiasi kilichotajwa kilikuwa karibu sawa na ada ya watoto ya Januari, ambayo yeye na mumewe walikuwa wameiweka kidogo kidogo. Usiku ule waliongea, wakakubaliana kwamba haitatoka hata shilingi mpaka fundi mwingine apime.

KONTROLI BOKSI NI NINI?

Hilo ndilo jina ambalo mafundi wetu wameipa kompyuta ya injini. Ni kiboksi bapa cha chuma, kiasi cha kitabu cha nyimbo. Katika Toyota nyingi ndogo kimefichwa nyuma ya kabati la dashibodi, upande wa abiria. Hupokea habari kutoka kwa vipimo vidogo viitwavyo sensa: joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta. Kisha huamua, mara nyingi katika kila sekunde, petroli inyunyizwe kiasi gani na cheche ipigwe lini. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta na distribyuta.

Kikianza kuharibika, injini hutetemeka, hula mafuta kupita kawaida, huzima au hukataa kabisa kuwaka. Tatizo ni kwamba plagi mbovu, waya uliolika au betri dhaifu huleta dalili hizohizo. Ndiyo maana ni rahisi kumlaumu mgonjwa asiyehusika.

MASWALI KABLA YA SPANA

Fundi tuliyeelekezwa ni mzee mpole, na karakana yake ni paa la mabati, meza moja na feni. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, karibuni mama zangu." Hakushika spana. Alimgeukia mwenye gari akamuuliza, "Linazima likiwa na moto au likiwa la baridi? Asubuhi au jioni? Lilianza lini?"

Mwenzetu alitoa daftari lake la mayai. Pembeni mwa hesabu alikuwa ameandika kila siku ambayo gari lilizima, na hali ya hewa ya siku ile. Fundi alivaa miwani akasoma ukurasa mmoja hadi mwingine. Karibu siku zote zile zilifuata usiku wa mvua. "Mama," alisema, "daftari hili limenipunguzia kazi ya nusu siku."

Ndipo akaanza kupima. Kwanza betri: injini ikiwa imezimwa ilionyesha volti 12.6, na ilipowashwa ikapanda hadi 14, maana yake betri na alteneta ni nzima. Pili, akapima waya zinazoingiza umeme kwenye boksi, na zile zinazourudisha kwenye bodi ya gari, kwa sababu waya hizo zikishika kutu, boksi zima huonekana limekufa. Tatu, akatafuta zile volti 5 ambazo boksi huzituma kwa sensa. Alitueleza kwamba sensa moja ikipiga shoti inaweza kuziangusha zote, na mtu akaamini kompyuta imekufa kumbe ni sensa.

Makosa yaliyohifadhiwa pia yalisomwa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha vitundu viwili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, halafu huhesabu jinsi taa ya injini inavyomweka. Magari ya baadaye yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, ambako huchomekwa mashine. Lakini akatuonya: namba ya kosa huonyesha mtaa, si nyumba. Kwa mfano P0335 inahusu njia ya sensa ya mzunguko wa injini. Mbovu anaweza kuwa sensa, waya, soketi, au boksi lenyewe.

MAJANI YA MWEMBE

Waya zilikuwa nzima na sensa zilikuwa nzima. Ndipo alipofungua kabati la dashibodi. Kapeti la upande wa abiria lilikuwa na unyevu, na boksi lilipofunguliwa tuliona kutu ya kijani imetambaa juu ya njia nyembamba za shaba. Kwa hiyo gereji ya kwanza ilikuwa imebahatisha jina sahihi la kifaa. Ila haikupima, na haikuuliza maji yametoka wapi.

Mzee yule aliuliza. Akafungua boneti, akaingiza vidole chini ya waipa, akatoa konzi ya majani ya mwembe yaliyooza. Mwenzetu huegesha gari chini ya mwembe wa nyumbani. Majani yalikuwa yameziba matundu ya kutolea maji ya mvua, maji yakajaa, yakapita njia ya hewa ya feni na kudondokea boksi. "Ungeweka jipya leo," alisema, "masika yangeliua na hilo."

Kwa kuwa alikwisha kuhakikisha kwamba hakuna shoti ya kuunguza kifaa kingine, kijana wake alitumwa Shauri Moyo, kwenye spea za mtumba, kuazima boksi lenye namba ileile. Kwa Toyota namba hiyo mara nyingi huanza na 89661, na lazima zilingane hadi tarakimu ya mwisho, kwani gari la gia za kawaida na la otomatiki huweza kutofautiana. Betri ilifunguliwa waya hasi kabla ya kuchomeka. Injini iliwaka ikatulia kwa muda wa nusu saa. Akarudisha boksi la zamani, ikazima. Akalirudia la pili, ikatulia tena. Huo ndio ushahidi tuliokuwa tunautaka.

Gari hili ni la zamani na ufunguo wake ni wa chuma tu. Mengi ya baadaye yana chipu kwenye ufunguo, na boksi geni halitautambua mpaka fundi aliyesomea aviandikishe pamoja. Uliza gharama hiyo mapema.

Kutengeneza la zamani kulizungumzwa pia. Mara nyingine huharibika kapasita tu, na fundi wa kulehemu huziondoa akaweka mpya. Hapa kutu ilikuwa imekula njia nyingi mno, kwa hiyo likanunuliwa lile la mtumba, kwa chini ya nusu ya fedha iliyotajwa kule kwanza. Muuzaji aliandika risiti yenye namba ya kifaa na siku za kulirudisha likisumbua. Tusione haya kudai karatasi hiyo. Kifaa kisicho na risiti wala maelezo ya kilikotoka huenda kimeng'olewa kwenye gari la mama mwingine, na anayekinunua amemlipa mwizi.

YA KUBEBA NYUMBANI

Wengi wetu huambiwa kwamba injini ni mambo ya wanaume. Hata hivyo, anayeliendesha gari kila siku ndiye shahidi wake wa kwanza. Andika siku, saa, mvua au jua, na taa iliyowaka. Gari likichomelewa, hakikisha betri imefunguliwa kwanza. Ukiazimana umeme na jirani, angalia chanya na hasi mara mbili, maana kuzigeuza huweza kuua kompyuta papo hapo. Safisha majani chini ya waipa kabla ya vuli na kabla ya masika. Na fundi akitaja kifaa cha bei kubwa, mwulize kwa upole, "Umepima nini? Na ni nini kilichokiua?" Fundi mwaminifu atafurahi kukuonyesha.

Bwana Yesu alifundisha habari za mtu anayeketi kupiga hesabu kabla hajaanza kujenga mnara. Mke na mume wanaoketi pamoja hivyo, hata kwa ajili ya kiboksi kidogo kama kile, wanalinda ada, chakula na amani ya nyumba yao. Tunawaombea safari njema, ninyi na watoto mnaowabeba. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.