Fundi Aliyefunga Kazi Ijumaa Jioni

Mji wa Katoro, ulioko mkoani Geita kando ya barabara iendayo Biharamulo, haulali. Karasha zinasaga mawe mchana na usiku, na wachimbaji wadogo watokao maduarani hukuta chai ikiwa moto saa zote. Katika mji wa namna hiyo, mtu afungaye kazi Ijumaa jua linapozama, asiguse spana tena mpaka Jumamosi jioni, hawezi kukosa kuonekana. Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vipuri, na fundi wetu wa injini ndiye aliyekuwa mtu huyo. Alitoka Mbale, mashariki ya Uganda. Hakuna aliyemwuliza sababu, maana Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, nasi sote tulikwisha kumhesabu miongoni mwao. Mwenyewe hakukubali wala hakukanusha. Ukimtakia Sabato njema aliitikia kwa adabu.

Mwezi Oktoba 2023, vita vilipolipuka kati ya Israel na Hamas, redio ya mama anayetuuzia chai haikuwa na habari nyingine. Baadaye tulikuja kujua kwamba miongoni mwa waliouawa tarehe 7 mwezi huo walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kusomea kilimo. Kisha tukasikia idadi ya watu wa Gaza waliouawa ikipanda, kutoka maelfu hadi makumi ya maelfu, wengi wao wanawake na watoto. Watu walikasirika, na hasira ile ilikuwa na haki yake. Lakini siku moja mteja wetu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema pale benchini kwamba Mayahudi wote ni wamoja popote walipo, na kwamba nduli Idi Amin alipomsifu Hitler hakukosea. Baadhi wakacheka. Mimi nilitazama kikombe changu. Fundi alikuwa ameketi karibu nami. Alimaliza chai yake, akalipa, akaenda zake.

Jioni ile nilimfuata nyumbani. Sikuwa na la kusema, ila niliona si vema nisiende. Alinikaribisha kiti, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Mzee, mimi si Msabato.”

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeishi miaka hamsini na zaidi, na vita vya Kagera nilivisikia kwa masikio yangu, lakini sikupata kujua kwamba ng'ambo ya ziwa letu kuna wakulima weusi, wapandaji wa kahawa na ndizi, ambao ni Wayahudi. Kwa Kiganda huitwa Abayudaya. Asili yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kueneza utawala wao mashariki ya Uganda, akitumaini kwamba nao wangemfanya mfalme wa nchi zile. Hawakumfanya. Waliendelea kumpunguzia madaraka, naye akazidi kujitenga nao, akazama katika kusoma Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928, na waumini wake wakabaki katika vilima vya Mbale. Hawadai kuwa wana damu ya Ibrahimu. Wanasema tu kwamba babu zao waliisoma Torati wakaiamini.

Sasa tazama jinsi ugomvi wa serikali unavyomfikia mtu aliye shambani kwake. Waisraeli ndio waliokuwa wakifundisha jeshi la Uganda, na Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alikuwa rafiki yao mkubwa, hata akawatembelea. Walipokataa kumpa silaha alizozitaka, na Libya ikamfungulia mlango, aligeuka. Machi 1972 akawafukuza. Septemba mwaka huo huo, katika majuma yale yale aliyokuwa akiwafukuza watu wa asili ya Kiasia, alimpelekea simu ya maandishi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni 6. Chini ya utawala wake dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, na masinagogi ya Mbale yakafungwa au kubomolewa. Wakulima wale hawakuwa wamemnyima mtu ndege wala bunduki. Wengi wao Israel waliijua kwa kuisoma katika Biblia tu.

Ningependa kuandika kwamba wote walisimama imara. La. Inasemwa kwamba kabla ya Amin walikuwa wapata 3,000, na alipoondoka walikuwa wamebaki kama 300. Tisa katika kila kumi waliondoka, wengine wakawa Waislamu, wengine Wakristo. Waliobaki walisali majumbani kwa sauti ya chini. Gershom Sizomu, ambaye leo ni rabi wao, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na kwamba kuachiwa kwake kuligharimu mbuzi 5.

Babu yake fundi alikuwa katika wale waliobaki. Mdogo wa babu huyo alikuwa katika wale walioondoka; alibatizwa, akapewa jina jipya, na shamba lake la migomba lilipakana na la kaka yake. Ijumaa jioni watoto walitolewa nje wakaambiwa wacheze na kuimba kwa nguvu, ili sauti za ndani zisisikike njiani. Yule mdogo alijua kila kitu. Hakurudi kusali nao, wala hakumwambia mtu. Ila kila Ijumaa jioni alikuwa na kazi ya kupalilia ukingo wa shamba unaotazama njia, hata kama palizi ilikwisha, na akipita mgeni alimwamkia kwa sauti kubwa kupita kiasi, akamwuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, moja baada ya nyingine. Ndani walisikia, wakanyamaza.

“Hakuwahi kuambiwa afanye hivyo,” alisema fundi. “Na babu hakuwahi kumshukuru. Walisalimiana tu kama ndugu.”

Nilipotoka kwake usiku ule niliukumbuka mwaka 1978. Nilikuwa na umri wa miaka 10, na baba yangu alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Shinyanga. Majeshi ya Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Baada ya hapo treni za kuelekea Mwanza zilijaa wanajeshi na mgambo, nasi watoto tulikimbia kando ya reli tukiwapungia mpaka pumzi zikatuishia. Katika michezo yetu ya vita ilikuwa shida kumpata wa kuwa Amin. Kwa kawaida alilazimishwa aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, watu wa mtaa wetu walicheza ngoma barabarani mpaka usiku. Fundi ameniambia kwamba jioni ile ile, kwa kalenda yao, ndipo Pasaka ilipoanza, sikukuu ya kutoka Misri. Kule Mbale haikuwa na ngoma, maana Jinja yenyewe ilitekwa tarehe 22 Aprili, na mashariki ya hapo askari wa nduli walikuwa bado njiani wakikimbia na bunduki zao. Waliila Pasaka ile milango ikiwa imefungwa.

Lakini jambo lililoniweka macho usiku ule halikuwa Kampala.

Nilikuwa na shangazi, dada yake baba, mjane, aliyeishi katika kijiji kimoja nje ya mji. Nchi yetu ya Usukumani kuni ni haba, na mama zetu wamepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe tangu usichana wao. Moshi wake huyafanya macho ya uzeeni kuwa mekundu. Msomaji wa Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi. Miaka michache baada ya vita, wakati bunduki zilipokuwa zimezagaa, ng'ombe wakiibwa na watu wakiwa na hofu ya kila kitu, watoto wawili wa jirani yake walikufa kwa surua. Ikaanza minong'ono. Baba alikuwa akinituma kila Jumamosi nimpelekee sukari na sabuni, na desturi ilikuwa niingie, nimwamkie, nile alichonipikia. Minong'ono ilipofika shuleni, wenzangu waliniangalia kwa namna nyingine. Basi nikaanza kuuacha mfuko penye uzio wa minyaa na kurudi mbio. Nilimsikia mara kadhaa akiniita kwa jina. Baba aliponiuliza hali yake, nilijibu kwamba hajambo.

Waliingia kwake usiku na mapanga. Hakuna aliyeshtakiwa. Katika mazishi watu walikuwa wachache, na mimi niliambiwa nibaki mjini kwa ajili ya masomo, nikashukuru kuambiwa hivyo.

Habari hii sikupata kumsimulia mtu, hata mke wangu. Nilimsimulia fundi siku ya pili, kwa kuwa nilitaka kumwuliza swali moja: wale walioondoka, walipotaka kurudi, walifanyiwa nini? Alifikiri kidogo. Alisema mdogo wa babu yake alirudi baada ya Amin kuanguka, akaketi nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyemwuliza neno. Baba wa fundi alimsogezea kitabu. Wengine hawakurudi kamwe, na wanao na wajukuu zao ni Waislamu na Wakristo wazuri mpaka leo, nao huoana na kuzikana. Vijana ndio waliokusanya upya jumuiya katika kilima cha Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walifika kuwapokea rasmi watu mia kadhaa katika dini hiyo. Na mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliwaendea jirani zake Wakristo na Waislamu mlango kwa mlango, wakaanzisha ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Nakiri kwamba mimi, mtu niliyelelewa katika siasa ya ushirika na kuona vyama vingi vikifa mikononi mwetu, niliisikia habari hiyo kwa wivu kidogo.

Juma lililofuata maneno yale yale yalirudi benchini. Safari hii nilisema. Nilimwambia mteja wetu kwamba serikali ya Israel anaweza kuilaani akitaka, maana hata nchi yetu ilivunja nayo uhusiano mwaka 1973 na haikuurudisha mpaka 1995, na Palestina tuliitambua mwaka 1988. Lakini maneno ya Amin juu ya Hitler asiyarudie mbele yangu, kwa kuwa vijana wetu waliopita Shinyanga kwa treni hawakwenda Uganda ili tuje kumsifia hapa Katoro. Sauti yangu ilitetemeka, nami sikumtaja fundi, kwa sababu siri haikuwa yangu. Ni yeye mwenyewe aliyeweka kikombe chini, akasema, “Myahudi unayemsema ndiye aliyekutengenezea pampu.”

Palikuwa kimya. Kisha mtu akauliza kama basi naye hali kitimoto, akajibu kwamba hali, wengine wakacheka, chai ikaendelea.

Nisidanganye kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Wateja wawili walihamishia kazi zao kwa fundi mwingine, na mpaka leo sijawaona. Mwenye duka aliniita akaniuliza kwa nini niliingiza siasa kazini. Yule mteja wetu mwenyewe hakuonekana kwa majuma matatu. Juma la nne alikuja na pampu yake ikiwa imekufa kabisa, akaiteremsha mlangoni asubuhi ya Alhamisi. Alisema ameona ailete mapema, maana kesho jioni fundi anafunga.