Kwanza okoa faili, Windows baadaye

Kuna tatizo nimekutana nalo wiki iliyopita, nikaona niliandike hapa, huenda likamfaa mtu. Laptopu ya dadangu ilikuwa imekuwa nzito, akaamua kuirudisha Windows 11 upya kwa ile njia inayoacha faili zako. Katikati ya kazi stima ikapotea, na betri ilikufa zamani. Tangu hapo ukiiwasha inazungusha vidoti, inajizima, inaanza tena. Nilijaribu kuirudisha upya kupitia ukurasa wa bluu wa matengenezo, ikanijibu kuna hitilafu.

Fundi mmoja alishamwambia diski ifutwe yote. Dada akakataa. Yeye huuza nafaka kwa mkopo. "Humo mna madeni ya wateja wangu wote. Ukifuta, nani atanilipa?"

Jamani, hapa ndipo watu hupoteza vitu vyao kwa haraka. Nilitia Ubuntu kwenye flashi, nikaiwasha laptopu kutoka humo bila kusakinisha chochote. Diski ikaonekana, nikanakili folda zake zote kwenye diski ya nje. Bahati BitLocker haikuwa imewashwa. Ingekuwa imewashwa, ningehitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Nikaipima diski kwa smartctl, ikawa nzima.

Sasa kusakinisha. Nikaweka flashi ya Windows 11, na hapo maajabu: eti hakuna diski! Lakini Ubuntu imeiona sasa hivi. Kumbe laptopu nyingi za Intel, kuanzia kizazi cha 11, hupitisha diski kwenye kitu kinachoitwa VMD. Linux ina draiva yake tayari. Flashi ya Windows huenda haina. Dawa ni kupakua draiva ya Intel RST kwenye kompyuta nyingine, kuifungua mpaka uone faili za .inf, na kuziweka kwenye flashi hiyo hiyo. Kisha kwenye ukurasa wa kuchagua diski, bonyeza "Load driver". Diski ikatokea mara moja, na saa moja baadaye dada alikuwa anafungua daftari lake la madeni.

Kwa hivyo ukiambiwa hakuna diski, usikimbilie kununua nyingine. Na kabla hujabonyeza kufuta, jiulize: nakala iko wapi?