Shule, Reli na Mpira wa Lubumbashi

Mgeni afikaye Lubumbashi na kuuona mji unavyogawika siku Mazembe inapokutana na Lupopo aghalabu hudhani kwamba uhasama ule ni wa makabila au wa mitaa, ilhali asili yake ni shule kwa upande mmoja na karakana za reli kwa upande wa pili. Mwaka 1939, mji ungali ukiitwa Élisabethville, mapadre Wabenediktini walioiongoza shule ya Saint-Boniface waliona kwamba wanafunzi wao wasiokusudia upadre walihitaji jambo la kuwashughulisha baada ya masomo, wakawaundia timu wakaiita Saint-Georges, ndiyo Mazembe ya leo. Na mwaka huohuo watu wa reli ya BCK wakapata timu yao, Saint-Éloi, ndiyo Lupopo, iliyopewa jina la mtakatifu wa wafua vyuma. Watakatifu hao wawili hawajapatana hata leo.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya reli. Kwa baba yangu, fundi wa BCK, Lupopo haikuwa timu ya kuchagua: ilikuja pamoja na nyumba, na posho ya unga, na king'ora cha asubuhi. Lakini yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza, alisomeshwa na mapadre, akarejea kwetu na taasubi ya rangi nyeusi na nyeupe za timu yao, na tangu hapo siku za mchuano mama alipakua bukari na bitoyo mapema, ili kila mtu ale na kuondoka kabla maneno hayajaanza. Lupopo ikishindwa, vijana wa jirani, naye yaya akiwa nyuma yao amejificha, walikuja kuketi chini mbele ya mlango wetu kama watu waliofika kilioni, mmoja amejifunga kitenge kichwani kwa mfano wa mjane, wakampa baba pole kwa marehemu. Baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Hata hivyo alikuwa akitoka, akizipokea pole zao kwa heshima zote, kisha akiamuru waletewe munkoyo, kwa kuwa, alisema, nyumba yenye msiba haiwaachi wageni na kiu.

Zama hizo timu ya mapadre ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine na kuchukua jina la Englebert, lililokuwa jina la matairi ya magari, na baada ya kutwaa vikombe vyote vya mwaka 1966 ikajiongezea lakabu ya Tout Puissant, yaani mwenye uweza wote, lakabu ambayo baba aliiona kuwa ni kufuru tupu. Mwaka 1967 ilichukua kombe la Afrika baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambao hawakufika katika mchezo wa tatu. Mwaka 1968 ikalichukua tena kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo 5 kwa 0 kwanza, kisha kufungwa 4 kwa 1 bila ya kudhurika. Yaya alitembea mjini kama aliyeyafunga mabao yote sita yeye mwenyewe. Lakini ubingwa wa nchi wa mwaka huohuo wa 1968 ulikwenda kwa Lupopo, na baba akawa na hoja moja ambayo hakuiacha mpaka kufa kwake: vipi mtu atakuwa sultani wa Afrika ilhali nyumbani kwake kuna amtawalaye?

Uhasama huo niliuchukua pamoja na sanduku langu nilipoingia chuo kikuu, huko Kasapa, na nikakuta umepata mgeni. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na kuvigawa vitivo, hivi kwamba fasihi, elimu ya jamii na uhandisi vikawa vya Lubumbashi. Basi vijana wa Kinshasa wakaletwa kwetu kwa mamia, na Lingala yao, na nguo zao, na V.Club yao, ambayo mwaka 1973 nayo ilichukua kombe la Afrika. Hapo ndipo nilipoona ajabu ambayo nyumbani isingewezekana, watu wa Mazembe na wa Lupopo wakikaa benchi moja, bega kwa bega, maadamu mpinzani ni wa Kinshasa. Uwanja wa chuo ulikuwa wa udongo mwekundu, na alasiri vitivo vilipokutana, wanafunzi wapya, walioitwa bleus, waliamriwa na wakubwa wao kuchora mistari kwa chokaa, kuchota maji na kuimba mpaka sauti zikauke. Tulicheza sote, hata wasiojua, na aliyekaa kando akitazama tu alionekana mtu wa mashaka.

Hoja iliyotukesha zaidi mabwenini ilizuka Juni 1974, timu ya taifa ilipofungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia katika kombe la dunia, huko Ujerumani. Mlinda mlango wetu Kazadi wa Mazembe alitolewa katika dakika ya 21, mabao yakiwa matatu, akaingizwa Tubilandu wa V.Club. Sisi wa Lubumbashi tuliikokotoa hesabu mara moja: wa kwetu matatu, wa kwao sita. Wenzetu wa Kinshasa walijibu kwamba matatu kwa dakika 21 ni kasi kubwa kuliko sita kwa dakika 69, na mwanafunzi mmoja wa uhandisi akaithibitisha kwa chaki ubaoni. Hatukumsamehe.

Wakati huo sera ya uhalisi ilikuwa imekwisha kuwaondoa watakatifu na wazungu katika majina yetu, ya watu na ya timu pia. Englebert ikawa Mazembe, na Lupopo ikaachiwa jina lake la pili tu. Baba aliendelea kusema Saint-Éloi, kwa sauti ya chini.

Yaliyofuata sitayasimulia kwa urefu. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa mabwenini Kasapa, na chuo kikafungwa. Reli ikaacha kulipa mishahara kwa miezi mingi. Kisha, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala katika vituo vya reli wakingojea gari la moshi, na miongoni mwao walikuwamo majirani zetu ambao baba zao ndio walioiendesha reli ile na kuishangilia timu yake. Jukwaa la Lupopo nililolijua mimi lilimalizika hapo.

Mazembe ilinusurika kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1997 imekuwa mikononi mwa tajiri mmoja, Moïse Katumbi, aliyeijengea uwanja wake Kamalondo, na kombe la Afrika likarudi mwaka 2009, 2010 na 2015, mara hii ya mwisho kwa mabao ya Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la vilabu. Inter ya Milano ikashinda 3 kwa 0, na yaya, mzee wa fimbo sasa, akasema hapana haya kufungwa na Mwafrika mwenzetu, Eto'o. Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala siidharau. Ila timu iliyoanzishwa ili wanafunzi wapate kucheza, leo wanafunzi huilipia ili wapate kuitazama, na jambo hilo halinikai rohoni vyema.

Mjukuu wangu, asomaye uhandisi Kasapa, ameligeuza dai langu kuwa faida yake. Yeye hushika kwamba, kwa kuwa Mazembe ilizaliwa shuleni, kila mwanafunzi ana haki ya kuingia Kamalondo bila ya tiketi, na hoja hiyo ameifikisha mlangoni zaidi ya mara moja, pamoja na tarehe zake zote, kwa mlinzi mmoja ambaye humsikiliza mpaka mwisho, humwita mwanangu, na kumwambia kwamba yeye ni mtu wa Lupopo na mambo ya Saint-Georges hayamhusu.