Mkoba wa Mama: Safari Yetu ya Kariakoo

Mama msomaji, ukiambiwa sasa hivi utoe ufunguo wa nyumba mkobani, utautoa mara moja, au itakubidi umwage kila kitu mezani?

Sisi tulijibiwa swali hilo ndani ya daladala mjini Morogoro. Tulikuwa akina mama sita tukienda kutembelea wagonjwa, na mmoja wetu alikuwa na mwanawe wa miaka saba mwenye pumu. Ghafla kifua cha mtoto kikabana. Pampu yake ilikuwamo mkobani, lakini chini ya kanga, mwavuli, mkate na daftari la kikundi. Tulipoipata, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alivuta dawa, tukamkimbiza kituo cha afya, akapona. Lakini wawili kati yetu ni wauguzi, na tuliona aibu. Kila siku tunawafundisha wenzetu kutunza dawa, kumbe mikoba yetu wenyewe ni majalala!

Basi tukachanga nauli tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kutoka stesheni tulikwenda kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja hadi Kariakoo.

Jina hilo lenyewe ni la mizigo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Maelfu ya Waafrika walibeba vyakula na risasi vichwani na mabegani, na wengi hawakurudi makwao. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtaa wa Kongo ulijaa watu na mikoba ya kila rangi. Mwenzetu, mama wa yule mtoto, akapenda mmoja mweusi unaong'aa. Tukamwomba muuzaji ruhusa ya kuujaribu: tukatia humo vitu vyote vya siku, kisha mama akafumba macho aitafute pampu huku tukihesabu hadi kumi. Tulifika kumi na saba! Mkoba haukuwa na mfuko wa ndani, na bitana yake nyeusi ilificha kila kitu. Wa pili ulikuwa mkubwa mno. Mama akiona nafasi huijaza, na bega ndilo hulipa. Wa tatu ulikuwa kikapu kizuri cha ukindu, kifaacho kwa sokoni hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, lakini kilikuwa wazi juu, chakula cha wezi.

"Jamani dada zangu," mwenzetu akalalamika, "na mimi nataka kupendeza, si kubeba sanduku la huduma ya kwanza!"

Alisema kweli. Mkoba usiopendwa huachwa nyumbani, na dawa hubaki humo.

Barazani mwa duka moja tulimkuta fundi na cherehani yake. Alikuwa na mikoba ya turubai, yenye zipu imara, mkanda mpana na bitana nyeupe. Mwenzetu akachagua wa rangi ya zambarau. Tukamwomba fundi ashone mfuko mdogo wa kitenge chekundu ndani, karibu na mdomo, upande unaogusa mwili. Hapo pampu tu ndiyo itakaa.

Akina mama, haya ndiyo tuliyojifunza. Kila kitu cha lazima kiwe na mahali pake pamoja. Dawa isichanganywe na sabuni wala chakula, na mkoba usiachwe juani. Kila Jumamosi mwaga vyote, toa visivyohitajika, kisha angalia tarehe ya mwisho ya dawa na kama bado imo ya kutosha. Mzigo ukiwa mzito, hamisha bega mara kwa mara.

Tuliporudi Morogoro, mtoto alitungoja mlangoni. Mama yake akamwuliza, "Pampu yako iko wapi?" Mtoto akafungua zipu, akaona chekundu, akaitoa. Hatukufika hata tatu.

Nawe, mama, jaribu leo jioni. Fumba macho, uhesabu.