Maji Yalitoka, Unyevu Ukabaki

Kisa hiki nimekaa nacho moyoni tangu mvua za El Niño za Novemba 2023, na aliyenihimiza nikiandike ni mavyaa wangu, ambaye ndiye kilichompata. "Andika," aliniambia juzi tulipokuwa tukichambua mchele. "Masika hayako mbali, na wako wenzako watakaofanya kama ulivyofanya." Basi naandika kwa idhini yake.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti zake za mikoko. Chumba cha chini analala mavyaa, kwa kuwa magoti yake hayapatani tena na ngazi. Chumba hicho kiko chini ya usawa wa njia kwa kadiri ya vipandio viwili. Wazee wa mtaa husema kwamba zamani mlango ule ulikuwa sawa na njia. Njia ndiyo iliyopanda, kila ilipotengenezwa.

Maji yaliingia kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanangu mkubwa alitaka kurukia chini kumtoa bibi yake, nikamshika mkono, kwani soketi ya feni iko shubiri moja tu juu ya sakafu. Swichi kuu ya umeme, alhamdulillahi, iko juu ukumbini. Tuliizima kwanza, ndipo tukateremka na tochi tukamkuta mavyaa ameketi kitandani, miguu ameikunja, anavuta uradi wake. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbao za kitanda.

Kulipopambazuka wakaja majirani. Sitaeleza sana namna tulivyokumba maji, maana kila nyumba ya pwani inajua ndoo, kata na mpira wa kusukumia. Kabla ya adhuhuri sakafu ilionekana. Tukanywa chai ya tangawizi, kila mtu akaenda kwake, nami nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe tulikuwa tumeyaondoa maji tu. Kukausha kulikuwa hakujaanza. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyapandisha, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Maji yalisimama kimo cha goti, lakini siku ya pili alama ya unyevu ilikuwa imepita kiuno. Nyuma ya kabati palikuwa na jasho. Siku ya tatu nikaona madoa ya kijivu yenye manyoya kwenye buibui la mavyaa lililotundikwa mlangoni, na harufu ile ya kuvunda ikapanda hadi ukumbini.

Nami nilikuwa na haraka yangu. Jumapili tulitarajia wageni wa posa ya binti yangu. Naona haya kulisema, lakini nitalisema: sikuihofia afya ya mavyaa kama nilivyoihofia pua ya wageni. Mavyaa naye alikuwa amechoka kulala ukumbini mbele za waingiao na watokao, akataka chumba chake. Usiku ule nikawasha majiko mawili ya makaa, nikayaweka kando ya ukuta uliolowa. Nje kulikuwa na manyunyu, nikafunga dirisha. Juu ya jiko moja nikatia udi. Chumba kikawa na joto zuri na harufu ya harusi. Mavyaa akalala na mjukuu wake wa miaka saba, nami nikapanda juu.

Mtoto ndiye aliyetuokoa. Aliamka kichwa kinamuuma, akatoka akipepesuka, akanguka ngazini akilia. Nilipoingia, mavyaa alikuwa ametapika, naye kila nikimwita ananitazama asinijibu.

Hospitalini, daktari aliniuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mlikuwa na jiko ndani?" Nikasema hapana, ni udi tu. Sijui ni nani aliyeusukuma ulimi wangu. Labda ni ile hofu ya kuitwa mkaza mwana aliyemuua mavyaa wake. Daktari akaniuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenziwe mlango. Nikamwambia kweli, nao wakamwekea oksijeni, yeye na mtoto.

Alinieleza baadaye kwamba makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hukamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Moshi ukikosekana watu hujiona wamesalimika, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hayo hayo. Tena joto lile halikukausha kitu. Ukuta ulitoa unyevu, na kwa kuwa dirisha lilikuwa limefungwa unyevu haukuwa na pa kwenda. Ukarudi kwenye dari, nguo na godoro.

Walirejea nyumbani salama, kwa rehema zake Mola. Mume wangu yuko Doha kwa kazi. Alipopiga simu nikamwambia mama alipatwa na presha kidogo. Mavyaa alikuwa karibu, akasikia, akainamisha kichwa akaendelea na tasbihi yake. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma. Nilikaa na uongo ule siku tisa, kisha nikampigia mume wangu mwenyewe.

Aliyetufundisha kukausha nyumba ni mzee mmoja fundi wa chokaa. Alisogeza kila kitu mbali na ukuta kwa shubiri mbili. Akafungua dirisha na mlango vinavyoelekeana, na feni akaiweka mlangoni ikitazama nje, ipate kuvuta hewa nzito na kuitoa, wala si kuizungusha ndani kama tulivyokuwa tukifanya. Mvua ikinyesha tunafunga. Ikikatika na jua likitoka, tunafungua hata kama ni kwa saa moja.

Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Miaka mingi nyuma tulikuwa tumeupiga lipu ya saruji sehemu ya chini, tukiona tumeuimarisha. Mzee akatuonyesha jinsi saruji ile ilivyoyafungia maji ndani ya matumbawe, na chumvi nyeupe ilivyochomoza kwenye nyufa. Chokaa huyaachilia maji yakatoka; saruji huyazuia. Akaibandua lipu yote mpaka kimo cha kiuno, ukuta ukabaki uchi, mbaya wa kutazamwa. Nikamuuliza, "Baba, wageni je?" Akanijibu kwamba ukuta haujui kuna posa.

Wageni walikuja, tukawapokea juu. Mama wa kijana alituambia kwamba naye godoro lake lilikuwa limeanikwa darini, akatuomba ushauri wa zulia. Nikamwambia godoro la sponji lililokunywa maji ya choo halioshwi likaisha. Sisi la kwetu tulilitupa. La sufi tulilipasua, tukaitoa sufi tukaianika, ganda tukatupa. Mikeka ya ukindu iliosheka bila taabu, na wakati ule nilitamani tusingekuwa na kitu kingine sakafuni.

Limebaki jambo la tohara, ambalo wengi wetu tulilikumbuka kwa kuchelewa. Maji yale yalichanganyika na ya shimo la choo cha jirani lililofurika. Baada ya sakafu kukauka, mavyaa aliuliza ataswalije juu yake. Tukamwendea ustadhi, naye akatueleza kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, jua na upepo peke yake havisafishi ardhi iliyoingia najisi, ijapokuwa wenzetu Wahanafi wana kauli nyingine. Huondolewa kwanza najisi yenyewe na athari yake, kisha hupitishiwa maji safi. Akatukumbusha bedui aliyekojoa msikitini, na namna Mtume (S.A.W.) alivyowazuia watu wasimkaripie, akaamuru mahali pale pamiminiwe ndoo ya maji. Kwa hiyo tulilazimika kuilowesha tena sakafu tuliyoikausha kwa jasho. Binti yangu alicheka mpaka akaketi chini. Mwenye busara angefanya hayo siku ile ile ya kwanza, sakafu ingali imelowa: akaondoa uchafu, akapitisha maji safi na dawa ya kuua viini, ndipo akaanza kukausha.

Kaskazi ilipoanza kuvuma Desemba, ukuta ulianza kubadilika rangi kutoka juu kwenda chini. Mzee alitufundisha kubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa, kisha kukiacha siku nzima. Upande wa ukutani ukipata matone, ukuta bado unatoa maji. Tulibandika nailoni ile kila Ijumaa, na Ijumaa baada ya Ijumaa ikatoka na matone. Ilipotoka kavu, mwezi wa Februari ulikuwa umeingia. Hapo ndipo tulipoita chokaa.

Na lilikuwepo daftari. Chini ya mto wa mavyaa kulikuwa na daftari la tungo za marehemu mamake, kwa herufi za Kiarabu, na lililowa kabla yetu kujua. Nilitaka kulianika juani. Jirani mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya kutunza hati, alinikamata mkono: jua hukunja karatasi na kufifisha wino, na kurasa zilizoshikamana ukizivuta zingali mbichi zitachanika. Kwa kuwa hatukuwa na nafasi ya kulishughulikia siku zile, akalifunga kwa nailoni, tukaliweka kwenye friza ya mama anayeuza barafu za ukwaju, kwani ukungu hauoti kwenye baridi kali. Lilikaa humo wiki nne kando ya ukwaju na ubuyu. Kisha tukalitoa, tukaliacha liyeyuke, tukalikausha kivulini kwa karatasi za kufyonza maji katikati ya kurasa, tukizibadilisha asubuhi na jioni.

Kurasa nyingi zimesalimika. Sita wino wake umetawanyika wote. Hizo mavyaa anamsomea binti yangu kwa moyo baada ya Magharibi, dirisha likiwa wazi, naye binti anaandika. Akifika pahali asipopakumbuka hunyamaza kidogo, kisha humwambia aache nafasi.